Katekisimu ya Pili

Dada yangu mkubwa anaishi kwangu hapa Kalemie, katika chumba cha upande wa ziwa. Mguu wake wa kushoto umekufa ganzi tangu alipopatwa na kiharusi, na kumbukumbu zake zimevurugika, ingawa si kwa namna inayosemwa mtaani. Mtaani wanasema hakumbuki kitu. Mimi ninayelala chini ya paa moja naye nashuhudia kinyume: anakumbuka mengi mno, ila yamechujiana, kama vikwembe, yaani vitenge, vya rangi mbalimbali vilivyolowekwa katika beseni moja.

Nitangulize kanuni yangu, kwa maana niliifuata miaka yote ya ualimu na sioni sababu ya kuiacha uzeeni. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kwa masikio yangu. Palipo na la kuambiwa, nitasema kwamba niliambiwa. Mji wetu umeumizwa vya kutosha na maneno yasiyo na mwenyewe.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi dada yangu huletewa Komunyo nyumbani. Anayeileta ni mama mmoja wa shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, aliyekabidhiwa na parokia kazi ya kuwapelekea wagonjwa. Huja na kisanduku kidogo cha shaba kilichoning'inia shingoni, chini ya kitambaa. Dada yangu huamka alfajiri siku hiyo, huogeshwa, huvaa kikwembe chake cha buluu, na huketi kwenye kiti karibu na mlango. Hali wala hanywi mpaka apokee. Nimemweleza kwamba Kanisa halidai mfungo wa namna hiyo kwa wagonjwa. Hunijibu, "Mudogo, wewe ulisoma vitabu. Mimi nilifundishwa." Komunyo yenyewe haiiti kwa jina hilo. Huiita Chakula.

Mwanzoni mwa kiangazi kilichopita, baada ya kupokea, alianza kusali kwa sauti sala ya shukrani. Nilikuwa ukumbini nikasikia vizuri. Ilianza kama sala zote zinavyoanza, kisha ikageuka, ikaingia katika maneno ambayo nilikuwa sijayasikia kwa miongo kadhaa. Yule mama wa shirika, ambaye umri wake haupishani sana na wangu, aliyatambua pia. Alifunga kisanduku chake, akaondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa.

Ijumaa ya kwanza iliyofuata hakuja. Dada yangu alikaa mlangoni katika kikwembe cha buluu mpaka jua likapita utosini. "Chakula kimechelewa," aliniambia. Nilimwambia kwamba sijui sababu, na wakati huo ilikuwa kweli. Alikataa bukari, ugali wetu, alikataa hata maji, mpaka jioni nilipomshurutisha kama mtoto. Mwezi uliofuata hali ikawa hiyo hiyo. Mwanamke wa umri wake, mwenye maradhi yake, hawezi kukaa siku nzima bila maji akawa salama, na nilijua kwamba mwezi mwingine atakaa tena, na mwingine baada yake.

Nilikwenda kwa yule mama. Alinikaribisha vizuri, akazungushazungusha maneno, mwisho akasema kwamba ni agizo la parokia. Katika mkutano wa shirika ilisemwa kwamba dada yangu anamwomba yule Rais wa zamani, aliyekwisha kufa, na kwamba ameficha picha yake chini ya godoro.

"Nani aliiona hiyo picha?" nilimuuliza.

"Papa, wanasema," alijibu. Papa kwetu ni baba, au mzee wa kuheshimiwa.

"Wanasema akina nani?"

"Watu, Papa. Watu njo wanasema," alisema, yaani watu ndio wasemao.

Nilirudi nyumbani, nikamhamishia dada yangu kwenye kiti, nikanyanyua godoro mimi mwenyewe. Palikuwa na maganda ya karanga, kibanio cha nywele, na rozari iliyokatika uzi. Kwa vile ushahidi nusu si ushahidi, nilipekua pia sanduku lake la nguo. Hapakuwa na picha ya mtu yeyote.

Ndipo nilipokwenda kumwona Padri. Ni kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu, alizaliwa wakati utawala wa Rais yule ulikuwa umekwisha kuanguka. Ananiita Papa Mwalimu, na adabu yake si ya kujipamba. Alinieleza kwamba ameambiwa habari nzito juu ya dada yangu na ameona ni busara kusubiri.

"Umeambiwa," nilisema. "Umesikia?"

"Bado, Papa."

"Basi, Padri, umemnyima muntu Chakula kwa habari ya sokoni."

Hakukasirika. Alikubali kwamba angepaswa kuja mwenyewe kwanza. Lakini alisema pia kwamba Komunyo si dawa ya kumeza tu, na kwamba anayepokea ajue anampokea nani. Ikiwa mtu anampa binadamu ibada iliyo ya Mungu, hata kwa uzee, yeye kama mchungaji hawezi kupita kama hakuona. Niliona hoja yake ina miguu, nikamwambia hivyo. Kisha akaniuliza swali ambalo lilinichukua alasiri nzima kulijibu: maneno yale yalitoka wapi?

Yalitoka kwa baba yetu.

Baba alikuwa katekista. Alizaliwa kule juu Kirungu, milimani, akafundishwa na wamisionari, kisha akaletwa Kalemie kuwafundisha dini watoto wa wafanyakazi wa reli. Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea njia. Kiswahili cha Kanisa alikijua mpaka kwenye mifupa yake. Alikuwa na namna moja tu ya kufundisha: swali na jibu, vyote kwa sauti ya kuimba. Aliuliza kwa mwimbo unaopanda, tukajibu kwa mwimbo unaoshuka. Nani alikuumba? Mungu aliniumba. Kwa nini alikuumba? Ili nimjue, nimpende, nimtumikie, na mwisho nifike kwake mbinguni. Alisema kwamba neno lisilo na mwimbo ni unga usio na maji, upepo mdogo tu unaupeperusha. Dada yangu, akiwa bado hajaota meno yote ya ukubwa, ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza. Darasa lilipoyumba, baba alimtazama yeye, naye akalibeba jibu mpaka wengine wakalishika.

Nilikuwa mwalimu kijana, mgeni katika kazi, Chama cha Rais yule, kimoja tu kilichoruhusiwa nchini, kilipoanza kuchukua mahali pa vitu vingine vyote. Haya si ya kuambiwa. Somo la dini liliondolewa shuleni, likawekwa somo la Chama. Majina ya watakatifu yalifutwa, kila mtu akatakiwa kuchukua jina la mababu, na aliyembatiza mtoto kwa jina la kizungu alikuwa anavunja sheria. Krismasi ikawa siku ya kazi. Misalaba iliteremshwa kutoka kuta za madarasa, na picha ya Kiongozi, yaani Rais yule, iliyotundikwa mahali pake katika darasa langu niliipokea kwa mikono yangu miwili na kuitundika mimi. Tulifundishwa kwamba mtoto anakuwa mtu wa Chama tangu angali tumboni. Kanisa lenyewe halikuthubutu kusema hivyo. Kanisa husubiri azaliwe, kisha humwaga maji.

Baba alipoteza kazi yake. Baada ya miezi michache Komisera wa zoni, mkuu wa serikali wilayani kwetu, alimwita ofisini. Waliyozungumza ndani siyajui. Wapo waliosema aliahidiwa baisikeli. Wapo waliosema alitishwa. Wapo waliosema alijipeleka mwenyewe. Habari hizo tatu haziwezi kuwa kweli zote, na inawezekana hakuna hata moja iliyo kweli. Niliyoyaona ni haya: alitoka na kijitabu cha Kifaransa na kitambaa cha kushonea abakosti, ile suti isiyo na tai waliyovaa watu wa serikali. Baisikeli hakuwa nayo siku hiyo wala siku nyingine. Baba alikwenda kwa miguu mpaka alipokufa.

Kabla yake, mafundisho ya Chama mtaani kwetu yalikuwa yakitolewa na ofisa aliyesimama katika hangari, lile ghala la zamani la pamba, na kuwasomea Kifaransa wanawake walioacha mihogo yao jua likiwaka. Hakuna aliyeelewa neno. Baba alikileta kijitabu nyumbani, akaniomba nimfafanulie. Tulikaa mezani nikamweleza sentensi kwa sentensi, naye akaandika Kiswahili chake. Tulipofika kwenye neno la mtu anayekitumikia Chama, nilipendekeza "mwanachama". Akaandika "mwamini". Penye kuvunja nidhamu, nilipendekeza "kosa". Akaandika "zambi".

"Papa," nilimwambia, "hayo ni maneno ya Kanisa."

"Mama hawa hawana mengine," alijibu. "Ukitaka wakuelewe, sema nao kwa maneno wanayolala nayo."

Wiki iliyofuata aligonga kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yake ya siku zote, na wanawake wakaja hangarini. Walikuja Wakristo, walikuja pia wanawake wa Kiislamu wa familia za wafanyabiashara wa ziwani, kwa kuwa amri haikuuliza dini. Baba aliinua sauti. Nani alikutoa gizani? Kiongozi alinitoa gizani. Kwa nini alikutoa gizani? Ili nimjue, nimpende, nimtumikie, kwa kazi ya mikono, chini ya bendera, mpaka kufa. Yuko wapi? Yuko kila mahali palipo na kazi. Anaona nini? Anaona shamba lililolimwa na shamba lililolala. Mwimbo ulikuwa ule ule, hatua kwa hatua. Dada yangu, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili, alikaa mstari wa mbele. Baba alimtazama, naye akalibeba jibu.

Ofisa alisimama mdomo wazi. Alichoshindwa kukifundisha mwaka mzima kilikuwa kimeingia vichwani kabla jua halijashuka. Walimu wa mitaa mingine waliletwa kujifunza kwa baba, na muda si muda nikawa nausikia ule mwimbo kwa wanawake wanaotwanga sombe, yaani kisamvu, kwa wasichana wanaochota maji, hata kwa watoto wadogo wanaorukaruka uwanjani wasiojua wanasema nini. Niseme wazi kwamba wanawake wale walifurahi. Chama kiliwapa kikwembe cha aina moja cha kuvaa wote, kiliwapa siku ya kukutana, kiliwapa wimbo na mahali pa kuusimamia. Mambo hayo hakuna aliyewahi kuwapa isipokuwa Kanisa, na Kanisa wakati ule lilikuwa limeambiwa likae sakristia, kwenye chumba cha mavazi ya ibada.

Niliuliza mara moja tu. Tulikuwa tunakula, dada yangu amekuja kututembelea. Nilimwambia baba kwamba anamweka muntu mahali pa Mungu. Alinawa mikono polepole kabla ya kunijibu.

"Mimi najua njia moja tu ya kuingiza neno katika kichwa cha muntu," alisema. "Njia hiyo sikuiomba kwa serikali. Hawataiondoa."

"Lakini neno umelibadilisha."

"Neno litapita. Serikali zote zinapita na maneno yao. Njia njo itabaki, na siku moja Mungu atapita humo tena."

Dada yangu alicheka, akasema kwamba mimi nimezoea kusahihisha makaratasi, sasa nataka kumsahihisha hata Papa. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nasema kwa heshima yote ninayompa mzazi wangu kwamba hapo ndipo alipokosea. Alidhani neno ni abiria na mwimbo ni barabara. Mwalimu aliyewafundisha wengi namna ile alipaswa kujua kwamba neno na mwimbo vikishaoana hakuna talaka.

Lilikuwapo jambo moja ambalo kijitabu hakikulijibu, na nilishuhudia siku lilipodhihirika. Mwanamke mmoja wa hangarini alifiwa na mtoto kwa homa. Wenzake walikwenda kuzika wakiwa wamevaa sare, kwa sababu ndivyo walivyoagizwa kwenda popote kwa pamoja, na wakiwa katika sare hakuna aliyethubutu kuimba wimbo wa Kanisa. Walisimama kando ya kaburi. Baba alikuwapo. Nilimwona akitafuta swali, na swali halikuwapo, maana Chama kilikuwa na neno juu ya mtoto aliye tumboni lakini hakikuwa na neno juu ya mtoto aliye udongoni. Basi wanawake wakaimba walichokijua, wimbo wa kumpokea Kiongozi kiwanja cha ndege, ila waliuimba polepole sana, huku wakishikana mikono. Ofisa angewapongeza. Mimi nilitazama chini. Baada ya maziko baba alimfuata yule mama nyumbani kwake, akakaa naye ndani mlango umefungwa. Watu wanasema alimsalia sala za wafu. Mimi nilikuwa nje, sikusikia, na siwezi kuapa.

Ilikuja siku redio ilipotangaza kwamba sasa vyama vinaweza kuwa vingi. Kilichokuwa kila kitu kikawa kimoja kati ya vingi, na baada ya hapo hakikuchukua muda kuwa si kitu. Kanisa lilirudisha misalaba ukutani, kazi ya nyundo na misumari, ya asubuhi moja. Majina ya watakatifu yalirudi vitabuni. Baba naye alirudi katika katekisimu yake, lakini sauti ilikuwa imeondoka, wanafunzi walikuwa wachache, na miaka miwili baadaye tulimzika. Miaka michache baada ya hapo vita vilipotoka mashariki, Kiongozi mwenyewe alipanda ndege na kukimbia nchi. Katika hayo yote sikumwona padri, mchungaji, shehe wala ofisa aliyerudi hangarini kuwaambia wanawake wale: yale tuliyowafundisha kujibu, sasa yaacheni. Serikali iliyapanda ikaondoka. Kanisa lilidhani yamekufa pamoja na serikali. Yalibaki vichwani mwa wanawake, bila mwenyewe.

Ndivyo nilivyomweleza Padri. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza kama baba yangu aliyaamini yale aliyofundisha.

"Nilikula naye meza moja miaka yote hiyo," nilimjibu, "na sijui."

Alisema atakuja Ijumaa ya kwanza, yeye mwenyewe.

Katika siku zilizobaki niliingiwa na wazo la kumwandaa dada yangu. Nilikaa naye asubuhi moja, nikamwambia kwamba Padri akimuuliza kwa nini Mungu alimuumba, aishie kwenye "mbinguni" na asiongeze neno. Alirudia sawasawa, akarudia tena sawasawa, kisha akateleza akaingia chini ya bendera. Nikamrudisha nyuma. Akateleza tena. Nilijisikia nikiinua sauti, nikigonga meza kwa kidole, nikimwambia mwanamke mgonjwa, mkubwa wangu, "Hapana, sema tena." Nilikwenda nje nikakaa nikilitazama ziwa, na sikumfundisha tena.

Ijumaa ilipofika Padri alikuja kwa pikipiki, amempakia nyuma yule mama wa shirika. Niliona amefanya vizuri kumleta. Dada yangu alikuwa mlangoni tangu alfajiri, midomo imekauka.

"Mama, unajua nimekuletea nini?" Padri alimuuliza, amechuchumaa mbele ya kiti chake.

"Chakula," alisema dada yangu. "Na umechelewa. Miezi miwili umenikalisha na njaa."

Padri aliinamisha kichwa, akaomba samahani. Kisha akauliza taratibu, kwa maneno ya kawaida yasiyo na mwimbo, nani alimuumba. Mungu aliniumba, alijibu dada yangu, na yeye alijibu kwa mwimbo, sauti imechakaa lakini haijapotea njia. Nilianza kutumaini. Kwa nini alikuumba, Mama? Ili nimjue, nimpende, nimtumikie. Hapo alivuta pumzi, na mwimbo ukamchukua: kwa kazi ya mikono, chini ya bendera, mpaka kufa.

Yule mama wa shirika alimtazama Padri kama mtu aliyethibitishiwa. Padri alinitazama mimi.

"Ndiyo," nilisema. "Hayo ya mwisho ni ya Chama."

Singeweza kusema vinginevyo, hata kwa ajili yake. Padri alibaki amechuchumaa. Nilidhani atasimama na kuondoka, na nilikwisha kuanza kufikiri nitamshurutishaje kunywa maji. Badala yake alimgeukia tena.

"Mama, huyo wa bendera, leo yuko wapi?"

"Yule?" Dada yangu alimtazama kama mwanafunzi mzito. "Alikimbia. Alituacha na mafagio mukononi."

Mama wa shirika alitoa kicheko kifupi, akakizuia kwa kiganja. Yeye pia alifagia barabara kwa amri ya Chama, Jumamosi kwa Jumamosi.

"Sasa kama alikimbia," Padri alisema, "kwa nini bado unamujibu?"

"Nani anamujibu yeye? Namujibu Papa. Papa akiuliza, mimi ninyamaze?"

Mimi niliyekuwa nimetoa maelezo ya alasiri nzima, juu ya Chama na Kanisa, juu ya neno na mwimbo, sikuwa nimewahi kufikiri hilo. Nilikuwa nimejiuliza miaka yote maneno yale alikuwa akiyaelekeza kwa nani, kwa Mungu au kwa binadamu, na sikumwona aliyesimama katikati akiuliza. Binti alimpenda baba yake. Baba aliuliza, binti akajibu. Alipouliza la Mungu alijibu la Mungu, na alipouliza la serikali alijibu la serikali, na sauti ilikuwa moja, mapenzi yalikuwa yale yale. Nadhani katika hangari ile wapo wengi waliokuwa hivyo, kila mmoja akimjibu mtu wake, na ofisa akahesabu kwamba wote wanamjibu Kiongozi.

Padri alifungua kisanduku. Aliinua Mwili wa Kristo, akatamka, naye dada yangu akasema Amina bila mwimbo wowote, akapokea, akafumba macho. Alipoyafumbua alidai bukari, na siku hiyo alikula samaki mukeke mzima.

Nilimsindikiza Padri mpaka kwenye pikipiki. Alisema, "Papa Mwalimu, sina hakika kama nimefanya sawa. Ila sikuweza kumuacha na njaa." Nilimwambia kwamba mimi pia sina hakika, na kwamba nilipendelea mashaka yake kuliko uhakika wa shirika. Alitabasamu kidogo, akaondoka.

Tangu hapo Chakula huja kila Ijumaa ya kwanza. Yule mama hukileta kwa uaminifu, lakini anaogopa. Humpa upesi, kama anavyotoa mtu kidonge, husema Amina yeye mwenyewe kabla mgonjwa hajasema, hufunga kisanduku na kuondoka asije akasikia lolote la kumlazimu kulipeleka kwa Padri. Simlaumu. Dada yangu humeza, kisha hubaki anatazama mlango, kwa maana kwake Chakula bila maswali ni kama ugeni bila salamu.

Kwa hiyo nimeanza kumuuliza mimi. Sina sauti ya baba, na mwimbo wake naupanda kwa shida kama mlima, lakini dada yangu hanidai uzuri. Namuuliza nani alimuumba, ananijibu, na uso wake unafunguka na kuwa uso ninaoukumbuka. Namuuliza kwa nini alimuumba, naye anaanza: ili nimjue, nimpende, nimtumikie. Hapo namkatiza kabla hajavuta pumzi, namwambia imetosha. Mimi ndiye mtu wa mwisho katika nyumba hii anayejua lipi lilitoka Kirungu na lipi lilitoka ofisini kwa Komisera. Nikifa, wajukuu wakimkariri bibi yao watadhani ni sala moja, na hakuna atakayeweza kuwaambia wamekosea. Najua pia kwamba nikimkatiza namna hii ninamnyima nusu ya baba yake, na nusu hiyo haikuwa ndogo kwake, ilikuwa miaka ya ujana wake, sauti yake ya mbele, macho ya mzazi yaliyomtafuta yeye katikati ya wanawake wote. Sijapata njia ya kumrudishia baba bila kumrudishia na yule wa bendera.

Ijumaa iliyopita nilimkatiza kama kawaida, nikainuka kwenda kumletea maji. Alinishika mkono wa shati kwa mkono wake wa kulia.

"Papa hakuishia hapo," alisema.

Ni kweli, hakuishia hapo. Nilirudi nikakaa, lakini swali lililofuata, lile la yuko wapi, sikuliuliza, naye aliningoja mpaka usingizi ukamchukua kitini.